Miguu Yangu Ililala Nje

Usiku ule miguu yangu ililala nje,
uani, juu ya udongo mtupu,
mbali na kuni, mbali na banda la ng'ombe,
nami nikakaa dirishani nikiikodolea macho
kama anayemlinda mgeni asiyemwamini.

Naitwa Ndeshukurwa. Nashona Kiboriloni,
napunguza viuno vya suruali za mitumba
zilizokatwa kwa watu wanene wa nchi za baridi.
Miguu ya kwanza polio iliichukua nina miaka mitatu.
Hii ya pili ina magurudumu manne na kijiti cha kuongozea,
na moyo wake ni betri, boksi jeusi chini ya kiti,
zito kama mtoto anayeanza kukaa.

Mwanzoni nililipenda kijinga.
Nililichaji usiku kucha kando ya godoro,
nikalifunika kanga lisishikwe na baridi ya Julai.
Nililinyonya hadi tone la mwisho,
hata kiti kikagoma katikati ya mlima
na wanafunzi wakanisukuma hadi mlangoni.
Chaja ilipokufa nikaazima ya Kisanga,
yule wa bodaboda ya umeme.
Plagi imeingia, nikasema, basi imekubali.
Kuingia si kukubali.
Hata ufunguo wa jirani huingia kitasani.

Likaanza kuvimba. Kidogo tu,
kama shavu la mwenye jino bovu.
Nikajiambia ni vumbi, ni joto, ni macho yangu.
Kisha ile harufu, tamu, ya rangi ya kucha,
chumbani, katikati ya vipande vya vitambaa.

Elinipa wa dada yangu hakuuliza kitu.
Alizima swichi ukutani. Akanibeba mimi kwanza.
Akalirudia boksi kwa beleshi refu,
mikono imenyooka, uso kando,
kama anayemtoa nyoka aliyelala.

Mzee Kiwelu akatokea na bisibisi:
"Tulitoboe kidogo, upepo utoke."
Nilimkemea kwa sauti ambayo sijawahi
kumtolea mwanamume aliyenizidi umri.
Akarudi kwake akinung'unika.
Bisibisi ikarudi naye. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Halikulipuka.
Nawaambia mapema, ninyi mnaongoja moto.
Lilifuka mara moja, saa nane, likanyamaza,
na Elinipa akasinzia na ndoo ya mchanga mapajani.
Alfajiri Kibo ikajitokeza, nyeupe, haina habari nasi.

Siku kumi na moja nilibebwa mgongoni kwenda chooni.
Siku kumi na moja, mwanamke wa miaka hamsini na mbili.
Boksi halikwenda jalalani, halikupanda basi;
lilikaa mchangani, peke yake,
hadi walipokuja watu wa Arusha wanaojua kuyazika.

La sasa nimelipa mahali pake,
kwenye saruji, karibu na mlango, pasipo na uzi wala pamba.
Linakula mchana, nikiwa macho kwenye cherehani,
kwa chaja yake, iliyozaliwa nalo.
Likirudi kutoka juani nalipumzisha kwanza;
hata mkimbiaji hapewi ugali akiwa bado anahema.
Siliachi lizimie ndipo nilikumbuke.
Nikienda Machame kwa wiki tatu naliacha nusu,
si njaa, si shibe.
Na mpira wa maji ukifunguliwa kuosha kiti,
betri huwa ishatoka, iko ndani, kavu.

Watu hunicheka. Fundi wa viatu huniita mama yake boksi.

Jioni, kabla ya taa,
naligusa kwa mgongo wa kiganja.
Ndivyo mama alivyonigusa paji la uso
mwaka ule wa homa, usiku baada ya usiku,
asijue anachokitafuta.
Mimi najua.
Nagusa, nasubiri kidogo.
Baridi.
Haya, lala. Kesho kuna suruali kumi na nne.